Kiroba cha Vitambaa

Chini ya cherehani yangu pana kiroba cha kilo 50 kilichokuwa cha sukari. Kazi yake sasa ni kula vipande vya vitambaa. Kila nguo ninayokata huacha kitu: pembe ya kanga, ncha ya kitenge, utepe wa bitana, kaki iliyobaki kwenye kaptura ya shule. Baba yangu, aliyekuwa fundi kabla yangu pale Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, hakuwa na kiroba na hakukihitaji. Alikuwa hajaweka mkasi chini watoto wameshafika barazani: "Fundi, shikamoo. Tunaomba vitambaa." Naye alikuwa na utaratibu wake. Hakuwapa wa mtaa mmoja vyote, maana wa mtaa wa pili wangekuja kulalamika kwamba fundi ana timu.

Siku hizi kiroba kinajaa. Kikijaa, fundi magari wa jirani huchukua vya kufutia oili, vilivyobaki vinakwenda kwenye gari la taka. Mwaka jana watoto waliokuja kuniomba vitambaa walikuwa wawili. Wote walikuwa wametumwa na mwalimu, kazi ya mikono ya shuleni, na mama zao walisimama nyuma yao na simu wakiwapiga picha. Watu waliosoma wana hesabu zao za kueleza jinsi watoto wanavyocheza au wasivyocheza. Mimi nina kiroba.

Mpira wa vitambaa haufungwi ovyo, na kwa kuwa ufundi huu unapotea niueleze kidogo. Katikati unaweka karatasi iliyofinyangwa, au soksi iliyokufa kisigino. Juu yake mfuko wa nailoni, unaupitisha karibu na jiko la mkaa hadi unyauke na kushikana. Hapo mama akikukuta utajua mwenyewe. Kisha vitambaa, tabaka juu ya tabaka, ukivuta kwa nguvu kila mzunguko, kwa sababu mpira uliofungwa kilegevu hufumuka mchezo ukiwa ndio kwanza umechanganya. Mwisho kamba ya katani, unaisuka juu kama wavu. Vitambaa vya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa 1968, vilikuwa vya ndani, kwa kuwa pamba inashika na haitelezi. Tetroni ilikuwa ya nje, kwa mbwembwe. Wadogo zetu wa miaka ya 90 wakagundua njia ya mkato: walipuliza ile mipira ya kiume iliyokuwa ikigawiwa bure kwenye zahanati, wakaizungushia vitambaa, ukapatikana mpira unaodunda hasa. Hawakujua ile ni ya nini, au walijua wakanyamaza. Mifuko ya nailoni nayo ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo mtoto wa leo akitaka kufuata kanuni yetu neno kwa neno, mfuko wenyewe atautoa wapi?

Baba alizaliwa Kariakoo 1938. Jina la mahali lilikuwa bado bichi. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao, walioitwa Carrier Corps, waliwekwa kambi huko, na ulimi wa watu ukalifinyanga jina hadi likawa Kariakoo. Jumba la soko lilifunguliwa 1923, na pembeni yake zikaendelea kuota nyumba za udongo na miti kwenye mitaa iliyonyooka kama rula. Mjerumani alikuwa ameshaugawa mji kwa kanda, kila kanda na aina yake ya majengo, na aina ya majengo ilikuwa njia ya kistaarabu ya kutaja rangi za watu. Mwingereza akaendeleza palepale. Kati ya maduka ya Uhindini na nyumba za Waafrika pakaachwa ukanda mtupu. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya.

Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja. Uliwekwa ili watu wasikaribiane, ukawa mahali pekee ambapo vijana wa pande zote mbili walikuwa na nafasi ya kukimbia. Baba alisimulia kwamba watoto wa Kihindi walikuja na gongo la kriketi na mpira wa dukani, wao wakaja na mpira wa vitambaa na miguu mitupu. Mwanzo kila kundi lilikaa upande wake likitazamana na lenzake. Baadaye yakazuka mabadilishano: nipe gongo nipige mara tatu, nami nikuweke mshambuliaji. Haikuwa hadithi ya undugu. Walipigana sana, na magharibi kila mmoja alirudi kwao. Lakini hakuna mtu mzima aliyewapangia wakutane vipi. Baadaye TANU, iliyozaliwa Julai 7, 1954 hatua chache tu kutoka pale, ikaanza kufanyia mikutano yake uwanjani hapo. Baba aliipenda TANU kwa moyo wake wote, na kadi yake aliitunza kwenye mkebe wa sindano. Hata hivyo alilalamika hadi uzeeni kwamba siasa iliwanyang'anya goli la upande wa Mtaa wa Lumumba.

Ukitaka kujua kwa nini watoto wa Dar es Salaam walikuwa nje mchana kutwa, itazame nyumba. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, katikati ukumbi wa kupita. Mbele baraza, nyuma uani penye jiko, choo na kamba za kuanikia. Kila chumba familia yake. Tulipohamia Ilala, mwaka 1974, mimi nikiwa na miaka minne, tulikuwa watu saba katika chumba cha pili kushoto: bati juu, joto la Februari, kitanda kimoja cha besela, pazia, na Singer ya baba. Hapakuwa na mahali pa kumweka mtoto. Siku hizi nasikia wataalamu wakieleza redioni kwamba mtoto aachwe acheze nje ajifunze kujiamini. Maneno mazuri. Wazazi wetu hawakuwa na nadharia hiyo. Walikuwa na chumba kimoja.

Ila nje kwenyewe hakukuwa pori. Ukitoka mlangoni unakutana na baraza, na baraza haikuwa tupu. Mzee wa kahawa na debe lake. Wanawake wanasukana. Watu wa bao. Fundi cherehani ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu, ingawa hakuna aliyemwajiri, kwa sababu macho yakichoka na tundu la sindano huenda kupumzika barabarani. Baba aliweza kushona mshono ulionyooka huku anajua nani kapita na nani, nani kabeba manati, nani analia na kwa nini. Nyumba ya pili palikuwa na mwingine kama yeye, na ya tano mwingine. Tulikuwa huru kwa sababu tulikuwa tunaonekana. Sikumbuki hata siku moja kumsikia mama akiuliza niko wapi. Alitoka barazani, akauliza, "Nani kamwona?" Jibu lilikuja nyumba kwa nyumba kama ndoo ya maji kwenye moto, na dakika mbili baadaye alikuwa anajua niko juu ya mwembe gani.

Mipaka ilikuwepo, hata kama haikutamkwa. Miaka sita ulifika mwisho wa mtaa. Miaka minane ulifika sokoni na kurudi. Ukifika kumi ulikuwa umeshashuka bonde la Msimbazi kuvua kambale kwa ndoano ya pini, na umeshakwenda Jangwani kutazama wakubwa wakicheza chandimu. Nani alikuongezea mpaka? Hakuna aliyekutangazia. Siku moja ulipita pale ulipozoea kurudishwa, na mtu wa barazani akakutazama, akanyamaza. Ndivyo ulivyojua umekua.

Kilichokusogeza zaidi kilikuwa kutumwa. Mtoto wa Kiswahili hakutoka nje kwa ajili ya mchezo peke yake. Alitoka kununua mafuta ya taa robo, akacheza njiani. Mama alikuwa na saa yake. Alitema mate chini: "Yakikauka hujarudi, utanitambua." Kwenye saruji, jua la saa nane, mate yana dakika mbili. Mama alilijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana akinituma mbali alitema kivulini. Miaka mingi nilidhani ni bahati yangu.

Nilianza darasa la kwanza 1978, wakati wa ile kampeni ya kila mtoto aende shule. Madarasa yakafurika, tukasoma kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Walimu waliona uhaba wa vyumba. Sisi tuliona nusu siku. Mwaka uleule vita ya Kagera ikaanza, nasi tukaanza ya kwetu nyuma ya msikiti, kwa mabua na makombora ya udongo. Hakuna aliyetaka kuwa Amin, kwa hiyo Amin akawa yule aliyechelewa kufika. Vita ilipoisha nchi ikaishiwa. Sukari, sabuni, unga, vyote foleni. Niliamshwa saa 11 alfajiri nikaliweke jiwe la mama kwenye mstari wa dukani. Ndiyo, jiwe: lilisimama badala ya mtu, na watu wazima waliliheshimu kama mtu. Kazi yangu ilikuwa kulilinda. Tulikuwa watoto kumi na tano tunalinda mawe kumi na tano, na kwa kuwa mawe hayapigi hatua, tukachimba kashimo, tukaokota kokoto, tukacheza mdako hadi duka lifunguliwe. Mara mojamoja jiwe la mtu aliyetuchapa wiki hiyo lilijikuta limerudi nyuma nafasi tatu.

Mchezo mkubwa ulikuwa kombolela. Ndani ya jina mna komboa, na ndicho kiini chake. Kopo linawekwa katikati ya njia. Mmoja analipiga teke liende mbali. Anayesaka analifuata na kulirudisha, wengine wanapotea gizani. Akikuona anakutaja jina na mahali ulipo, unatoka unakuwa mateka. Mateka wanaongezeka, wanasimama ukutani kama nguo zilizoanikwa. Lakini akibaki mmoja tu, akachomoka asikoonekana na kulipiga lile kopo, mateka wote huru, msakaji anaanza upya. Nimemwona mtoto wa miaka saba, aliyekuwa hajui hata kufunga vifungo vyake, akiwakomboa wakubwa kumi na moja. Usiku ule hakuna aliyemtania tena.

Ujanja wa kombolela ulikuwa kubadilishana mashati. Unavaa la mwenzako, unatokeza bega tu kwenye kona, msakaji anataja jina la mwenye shati, amekosea, mateka wote wanaachiwa. Kesi ya hapo ilichukua muda kuliko mchezo. Tulikuwa na mashahidi, mawakili, na watu wa kusema "mimi sikuona" hata walipoona. Mzazi hakuingilia. Mara moja tu kesi ililetwa kwa baba, si kwa sababu ni mtu mzima bali kwa sababu ni fundi: shati lilikuwa limeraruka, msakaji anasema ni la fulani, fulani anakana. Baba akaligeuza, akatazama mshono wa kwapa, akasema lile shati kalishona yeye, na mwenyewe ni yule pale. Akaongeza kwamba kulishona tena ni senti 50, na atakayelipa waamue wenyewe. Tuliamua hadi adhana ya isha.

Dada yangu akinisikia nasema tulikuwa huru, hunikata. "Mlikuwa huru nyinyi." Kanizidi miaka miwili, na kumbukumbu yake ya mtaa uleule ina mtoto mgongoni. Alicheza mdako akiwa amembeba mdogo wetu, aliruka kamba akiwa amemshusha kwa dakika tano, na michezo yake yote ilikuwa mbele ya nyumba, umbali wa kuitwa mara moja. Bingwa alikuwa, hilo namshuhudia. Kwenye rede hakuwa na mpinzani. Wawili wanasimama huku na huku wanarushiana mpira wakitaka kukulenga, wewe uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa, unakwepa, unainama, unateka gao moja, unaruka. Alikuwa akijaza chupa ya soda bila kutazama chini. Alipovunja ungo, wiki ileile, rede ikaisha. Hakuna aliyemfokea, hakuna aliyemkataza kwa maneno makali. Bibi alikuja kutoka Bagamoyo, akakaa naye ndani siku kadhaa, na alipotoka alikuwa amefunga kanga mbili. Sisi tukamtafutia mtu wa kujaza nafasi yake. Miaka mingi baadaye aliniambia kitu alichokuwa akikiwaza mle ndani: kwamba aliiacha chupa yake imejaa hadi shingoni na hakuna aliyeihesabu.

Niliwahi kumsimulia kisa cha Sayyida Salme, yule binti wa Sultani wa Zanzibar ambaye Wazungu walimwita Emily Ruete. Nduguye Majid ndiye aliyeanza kuujenga mji huu wa Dar es Salaam miaka ya 1860. Katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani 1886, Salme anasema alipokuwa mdogo aliukwea mnazi mrefu bila pingu miguuni, kitu ambacho hata mkwezi wa kazi hathubutu, akakaa huko juu akiwaamkia wapita njia huku watu chini wanamsihi ashuke polepole. Nilidhani dada angefurahi. Akafikiri kidogo, akasema, "Yeye binti wa Sultani. Mimi ningepanda mnazi wa nani?"

Na dosari ya uhuru ule si hiyo peke yake. Masika ya mwaka mmoja mtoto wa mtaa wa tatu alichukuliwa na Msimbazi. Alikuwa amekwenda kutazama maji, kama sisi sote tulivyokwenda kutazama maji. Alipatikana siku ya pili kwenye mikoko kuelekea daraja la Selander. Wiki mbili hatukushuka bondeni, wiki ya tatu tukashuka. Na yale macho ya barazani yalikuwa na fimbo. Mzee mmoja wa nyumba ya nne alichapa watoto kupita kosa lao, tena kwa raha, na kwa kuwa fimbo ya jirani ilikuwa halali hakuna mzazi aliyemuuliza. Tulijifunza kupita upande mwingine wa njia. Anayesema zamani malezi yalikuwa bora na akaishia hapo hakulelewa na mtaa, ameusikia tu.

Basi mtaa ulibadilika vipi? Natafuta siku moja niseme ndiyo hii, siipati. Daladala zilianza 1983 na njia zikaanza kuwa za magari. Rais Mwinyi aliingia madarakani 1985, milango ya biashara ikafunguliwa, na gari lililotumika Japani likawa kitu ambacho hata karani aliweza kukiota. Kopo la kombolela halikai katikati ya njia yenye gari. Televisheni Bara ilikuwa haipo kabisa hadi 1994, jambo ambalo wajukuu zangu hawalisadiki. Ilipokuja, mtaani kwetu ilikuwa moja, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona watoto arobaini wamekaa kimya saa 12 jioni, wamening'inia kwenye dirisha la mtu. Siwalaumu. Hata mimi nilisimama nyuma yao.

Mji nao ulijaa. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728 kwa mkoa mzima. Viwanja ambavyo kwenye ramani viliandikwa ni vya wazi vikaota fremu za maduka, gereji, baa, nyumba za ibada. Kila kimoja kilikuwa na sababu yake nzuri. Jangwani pakajengwa kituo cha mabasi ya mwendokasi, na Msimbazi ulipofurika uliyaogesha mabasi kama ulivyotuogesha sisi.

Wateja wangu waliofanikiwa wakahamia Mbezi, Tegeta, Kimara. Kitu cha kwanza walichojenga, wengine hata kabla ya choo, ni ukuta. Juu wakapanda vipande vya chupa. Nawaelewa, wezi wapo. Lakini nimekwenda huko kuchukua vipimo vya harusi, nikatembea mtaa mzima saa nne asubuhi bila kuona uso wa mtu: geti, ukuta, geti, ukuta, mbwa. Mama wa kule anasema hawezi kumwacha mwanawe atoke, na ni kweli hawezi. Si mwoga kuliko mama yangu. Akitoka getini akauliza "Nani kamwona?" atajibiwa na mbwa.

Halafu shule. Hapa nina ushahidi wa sindano. Miaka ya nyuma, Januari nilishona sare na kufikia Machi zilikuwa zimerudi: matako yametoboka kwa kuteleza kwenye majabali, magoti yametoboka kwa gololi, mfuko umechanika kwa kokoto. Viraka vya magoti vilinilipia kodi ya fremu. Sasa sare inarudi mara moja kwa mwaka, na inarudi kwa sababu mtoto ameota mwili. Naigeuza, naitazama: magoti mapya kabisa. Kinachochakaa ni makalio, na si kwa kuteleza, ni kwa kukaa. Basi la shule linamchukua saa 11 alfajiri akiwa usingizini, linamrudisha jioni, kisha kazi za nyumbani, kisha tuisheni Jumamosi. Mimi na jiwe la foleni tuliamka saa ileile, lakini ilipofika saa mbili nilikuwa nimemaliza.

Sheria ya Mtoto ya 2009 imeutaja mchezo miongoni mwa mambo ambayo mtoto anastahili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1989 ulikuwa umeshautaja katika kifungu chake cha 31, na Tanzania iliuridhia 1991. Mteja wangu mmoja, mwanasheria, ndiye aliyenionyesha kifungu akisubiri suti. Nilifurahi, kisha nikacheka. Akauliza nacheka nini. Nikamwambia kwetu kitu kikiadimika ndipo kinapoandikiwa utaratibu, kama sukari ya 1982.

Jumamosi moja binti yangu aliniletea mjukuu ashinde kwangu, yeye akienda msibani. Miaka tisa, raba nyeupe, anakaa Mbezi ndani ya geti. Nilikuwa nakunja upindo wa sketi, uzi ukaniishia. Duka la vifaa vya ushonaji liko nyumba ya saba, upande uleule, hakuna barabara ya kuvuka. Nikampa noti ya 1,000.

"Uzi wa bluu bahari. Ni mia nane, urudi na chenji."

Akaniangalia. "Peke yangu?"

"Mlango wa duka ni mwembamba. Mkienda wawili mtabanana."

Nikatema mate chini ya meza, kivulini, nikamweleza maana yake. Akasema, "Babu, hiyo si usafi." Akaenda.

Nilishona mishono mitatu nikasimamisha mashine. Dakika kumi mate yakawa hayapo. Nilikuwa sijauliza mtu wakati mama wa mihogo alipopaza sauti huku anageuza kikaango: "Fundi, mjukuu wako kasimama kwa waparua samaki, anashangaa." Nikamshukuru kama vile sikuwa na wasiwasi. Dakika kumi nyingine, kijana wa bodaboda akapunguza mwendo: "Mzee, yule dogo wa raba nyeupe ni wa kwako? Yuko kwenye gololi kule nyuma ya msikiti. Wanamlia." Simu ikalia.

"Shikamoo baba. Mwanangu anaendeleaje?"

"Marahaba. Ameonekana kwenye gololi."

"Ameonekana? Na nani?"

"Na bodaboda."

Kimya kilikaa kwenye simu muda mrefu hata nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, kwa sauti ya mama yake, "Haya."

Mjukuu alirudi baada ya dakika arobaini. Raba zilikuwa na rangi ya mtaa, goti moja limechubuka, mkononi gololi mbili zilizobaki kati ya sijui ngapi, na chenji ilipungua shilingi mia. Akaweka uzi juu ya meza. Ulikuwa wa kijani.

"Bluu imeisha," akasema. "Nikachagua."

Nikaunyoosha uzi wa kijani kwenye mwanga, nikautunga kwenye sindano.